Silikanti wa Tanga: naweza kumwona nikizama?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha sekondari Korogwe. Mwaka jana nilisomea uzamiaji Nungwi nikapata cheti cha Open Water, na hadi sasa nimezama mara 14. Mwisho wa Desemba nitakuwa na siku tano Tanga, kisha nitapanda Lushoto kwa shangazi. Tangu mdogo nasikia habari za silikanti, samaki wa enzi za dinosaria aliye hapa kwetu, na hamu yangu ni kumwona akiwa hai. Kuna jamaa mwenye boti ameniambia anaweza kunishusha mita 60 usiku kwa mtungi wa kawaida, eti tukishuka na kupanda haraka hakuna tatizo. Nimwamini? Na kama haiwezekani, ni samaki gani wa ajabu ninayeweza kumfikia?"

Marahaba, mwanangu. Naanza na huyo jamaa, maana hilo haliwezi kusubiri: usipande boti yake. Hata akipunguza bei, hata akikuonyesha picha za watu aliowashusha wakarudi salama, usipande.

Cheti chako kinakupa mita 18. Kozi inayofuata itakufikisha 30, na mwisho kabisa wa uzamiaji wa burudani, kwa aliyefunzwa kina, ni 40. Hesabu yake unaiweza, wewe ni mwalimu. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na wa anga lote lililo juu yetu. Kwa hiyo mita 60 unavuta hewa iliyobanwa mara 7, sita za maji na moja ya anga. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa. Mzamiaji aliyetulia hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa usawa wa bahari. Kwa mita 60 lita hizo zinakuwa 140. Ukitoa bar 50 za akiba unabaki na lita 1,800, yaani dakika 13 hivi, na humo ndani kuna kushuka, kutafuta samaki, kupanda na vituo vya kusubiri njiani. Tena hiyo ni hesabu ya mtu mtulivu. Mtu wa mbizi 14, gizani, akiwa na hofu, atakula hewa maradufu. Na kwa mgandamizo huo hewa yenyewe inakuwa nzito. Unaivuta kwenye regyuleta, kile kifaa cha mdomoni, kama unavyovuta uji kwa mrija.

Halafu kuna naitrojeni. Ikibanwa inalevya, na huanza kuonekana watu wakifika karibu na mita 30. Nilikuwa tayari na mbizi zaidi ya 200 siku iliponishika sawasawa, kwenye ukuta wa matumbawe Pemba, mita 38. Nilitazama geji nikaona mshale umesimama kwenye 70. Nikaitazama tena. Namba nilikuwa naiona, ila sikujua 70 ni kitu gani, wala inanihusu nini. Wala sikuogopa, na hilo ndilo baya lake; nilijisikia raha tupu, nikaendelea kuangalia kolekole wakipita. Mwenzangu alinishika mkono, akanionyesha kidole gumba cha kupanda, hakuniachia. Tulipofika mita 25 akili ikarudi kama umeme uliokatika, ghafla, na hapo ndipo nikaelewa kwamba bar 70 kwa kina kile zilikuwa zimeniachia dakika chache mno. Sasa jiulize: huko mita 60, usiku, nani angekushika mkono wewe, kama anayekuongoza naye amelewa?

Neno "kupanda haraka" ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Anayelisema kama faraja hajui anachokifanya. Naitrojeni inayeyuka mwilini kadiri unavyokaa chini, na ukipanda haraka inatoka kwa vipovu ndani ya damu na viungo, kama soda iliyofunguliwa baada ya kutikiswa. Vipovu vikikaa kwenye goti, utaumwa goti. Vikikaa kwenye uti wa mgongo, unaweza usitembee tena. Kuna wavuvi wa kuzamia wa pwani hii wanaokokota mguu mmoja, na ukiwauliza watakuambia ni upepo mbaya au jini wa baharini. Ni vipovu. Kasi ya kupanda ni mita 9 kwa dakika, polepole kuliko povu lako dogo kabisa, na dakika tatu za kusubiri mita 5. Hiyo umefundishwa Nungwi, ishike.

Sasa tuje kwa samaki mwenyewe.

Silikanti hakai mahali pa kufikiwa na sisi. Mchana anajificha kwenye mapango ya miamba mirefu; Visiwani Komoro, alikochunguzwa zaidi, mapango hayo yako mita 150 hadi 250 hivi, kwenye maji ya baridi. Usiku anatoka kuwinda, akielea taratibu na mkondo, mapezi yake manene yakienda kwa zamu kama miguu ya mjusi. Mara nyingine anasimama kichwa chini kabisa, na inaaminika kwamba hapo anatafuta umeme mdogo unaotoka kwa samaki waliojificha mchangani, kwa kiungo maalumu kilichoko puani. Tanzania ananaswa juu kidogo kuliko Komoro, nyavu zikiwa mita 50 hadi 150. Nadhani hapo ndipo huyo mwenye boti alipopata mita 60 zake. Lakini wavu unakaa chini usiku kucha, wewe una dakika 13.

Watu waliomwona kwa kuzama wapo, na nakuelezea habari zao ili ujue gharama. Oktoba 2000, Pieter Venter na wenzake walishuka kwenye bonde la chini ya bahari la Jesser, Sodwana Bay, Afrika Kusini, wakawakuta silikanti mita 104. Hawakwenda na hewa ya kawaida. Walitumia mchanganyiko wa gesi wenye heliamu, kwa sababu kwa kina hicho oksijeni ya hewa ya kawaida inageuka sumu, inaleta degedege, na mtu mwenye degedege hawezi kushika regyuleta mdomoni. Ilikuwa ni timu iliyofunzwa, yenye watu wa usalama na mitungi ya akiba. Walirudi mwezi uliofuata wakiwa na kamera, wakampiga picha, na siku hiyo hiyo mmoja wao alifariki baada ya kupanda juu bila kuweza kujizuia, akiwa anamwokoa mwenzake. Kabla yao, mwaka 1987, Hans Fricke ndiye aliyemwona kwa mara ya kwanza akiwa kwake, Komoro, na yeye alikuwa amekaa ndani ya nyambizi ndogo.

Hata ungekuwa na uwezo wote huo, ningekuomba ufikiri mara mbili. Jicho la silikanti limeumbwa kwa giza, tochi inamkera. Na maisha yake ni ya polepole kiasi cha kushangaza. Utafiti uliochapishwa 2021, uliosoma alama za umri kwenye magamba, umeonyesha anaweza kufikia miaka 100 hivi, na kwamba mama anabeba mimba kwa karibu miaka 5. Hatagi mayai majini, anazaa watoto walio hai. Jike mmoja aliyenaswa Msumbiji 1991 alikuwa na watoto 26 tumboni. Piga hesabu mwenyewe: wavu mmoja, usiku mmoja, unaondoa nini baharini.

Ndiyo maana habari za Tanga zilitushtua sisi tunaoipenda bahari hii. Dunia ilimjua 1938, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alipomkuta kwenye lundo la samaki wa meli ya Nerine; hadi siku hiyo wataalamu walidhani ukoo wake uliisha pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. (Aliye hai leo si yuleyule wa kwenye mawe, ni wa ukoo wake, waambie hivyo wanafunzi wako.) Kwetu aliandikwa mara ya kwanza 2003, aliponaswa upande wa Kilwa. Kuanzia 2004 wakaanza kupatikana Tanga, pande za Kigombe na Mwarongo, zaidi ya kumi katika miezi michache, kwenye jarife, zile nyavu za macho makubwa zinazotegewa papa. Samaki wa karibu walikuwa wamepungua, wavuvi wakazitega maji marefu zaidi, na maji marefu ndiyo nyumbani kwake. Nyama yake ina mafuta mengi, haifai kuliwa, kwa hiyo hata mvuvi hakupata kitu. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kilomita za mraba 552, kutoka mlango wa Mto Pangani hadi kaskazini ya jiji la Tanga.

Kwa hiyo ukifika, nenda Kigombe kwa heshima, kaa na wazee wa jarife jioni wanapopakia nyavu, uwaulize wamemwonaje. Wapo waliomshika kwa mikono yao akiwa bado anahema, buluu ya chuma yenye madoa meupe, macho yakiwaka kijani kwenye taa. Hapana picha ya kwenye simu itakayokupa hicho. Na ikitokea amenaswa ukiwapo, usitoe hata shilingi moja kumnunua wala kupiga naye picha, maana bei ikishazaliwa haifi. Wahimize waite ofisi ya hifadhi. Kama inawezekana, piga picha madoa ya ubavuni pande zote mbili. Kila silikanti ana madoa yake, kama alama za vidole, na picha nzuri inamsaidia mtafiti kumtofautisha na mwingine.

Swali lako la mwisho ndilo nililolipenda zaidi, kwa sababu jibu lake liko mita 12.

Mtafute samaki-chura. Ni samaki wa miamba yetu, kutoka Kenya hadi Msumbiji, na watu wanampita kila siku bila kumwona. Hana magamba, ana ngozi ya vipele inayofanana kabisa na spanji (sifongo wa baharini) anayoikalia. Akihamia spanji ya rangi nyingine hubadilika, si papo hapo kama pweza, ni kwa siku na wiki. Mapezi ya kifuani yamekuwa kama mikono yenye kiwiko, na anatembea nayo. Juu ya mdomo ana kijiti chembamba chenye kinyama cha mwisho, anakitikisa kama mvuvi anavyotikisa chambo, na samaki mdogo akisogea kuonja anamezwa kwa milisekunde 6 hivi. Jicho lako halitaona kitendo. Utaona samaki alikuwepo, na sasa hayupo.

Mimi wa kwanza nilimkuta baada ya kumtafuta misimu miwili. Ilikuwa spanji ya njano, kubwa kama ngumi mbili, na nilishaipita mara tatu siku ile ile. Kilichonisimamisha ni tundu. Spanji ina matundu yenye kingo laini, tundu hili lilikuwa limezungukwa na mistari midogo kama miale. Nikatulia, nikajishusha kwa pumzi hadi usawa wake, nikasubiri. Tundu likazunguka. Lilikuwa jicho. Kisha nikaona mstari wa mdomo uliopinda kwenda chini, kama mtu aliyenuna, halafu mkono mmoja umeshika mwamba, vidole vimetanuka. Baada ya dakika saba hivi akapiga miayo, kinywa chote kikafunguka na mimi ningeweza kuingiza chungwa humo, akafunga, akainua mkono wa kulia, akausogeza mbele, akauweka. Hatua moja. Nililia ndani ya miwani. Ilibidi niimwage maji ili nione tena.

Jinsi ya kumtafuta, basi. Kwanza chagua siku kwa kuangalia mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, maji ya Tanga yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo unakimbia na maji yanachafuka. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu; hizo ndizo siku zako. Katika siku yenyewe muombe nahodha akushushe maji yakikaribia kusimama baada ya kujaa, kwani maji yanayojaa yanakuja safi kutoka bahari kuu. Mwisho wa Desemba kaskazi inavuma, kwa hiyo toka asubuhi mapema kabla upepo haujakaza. Miamba ya ndani ya hifadhi inafaa, na kama utashuka hadi Pangani kuna Maziwe, fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, lenye matumbawe pembeni. Usivunjike moyo ukikuta sehemu zilizobaki kifusi. Hizo ni kazi za baruti za miaka ya nyuma, Tanga iliumia sana. Samaki-chura anaweza kukaa hata hapo, mradi kuna spanji iliyoota.

Pili, risasi za mkandani, yaani vizito vya kukuzamisha. Hapa wazamiaji wapya ndipo wanapoharibu kila kitu. Ukijaza risasi nyingi utazama miguu chini, mapezi yatafagia mchanga, na kwa dakika moja umeziba macho yako na ya wenzako, mbali na matumbawe uliyoyavunja. Pima kabla: jaketi la kuelea likiwa halina hewa, mtungi ukikaribia kuisha, uelee na maji yafike usawa wa macho. Kama unazama, punguza. Ukiwa chini lala sambamba, pinda magoti, piga mapezi kwa kuyafungua pembeni kama chura aogeleavyo. Mikono ikae kifuani, isiguse kitu, kwa sababu mwamba uleule anakalia samaki-jiwe, na mwiba wake mmoja utakupeleka hospitali ukipiga kelele.

Tatu, na hili ni gumu kuliko yote kwa kijana: usiende mbali. Mzamiaji wa kawaida anaogelea mita mia kadhaa kwa mtungi mmoja, anarudi akisema hakukuwa na kitu. Wewe chagua mwamba mmoja wenye spanji nyingi, mkubwa kama basi dogo, na umalize mtungi mzima hapo. Anza upande uliokingwa na mkondo. Tazama spanji moja moja, ukijiuliza maswali matatu tu: kuna jicho? kuna mdomo? kuna mkono? Njiani utakutana na mengine. Samaki-jani anayeyumba mbele na nyuma kama jani lililonaswa, hata pale ambapo maji yametulia. Huyo kuyumba ndiko kunakomsaliti. Farasi-bahari amejifunga mkia kwenye nyasi. Mkunga mdogo mweupe. Kila mmoja mpe dakika zake.

Ukimpata, baki umbali wa mkono na nusu. Usimguse kwa fimbo ili ageuke, usimhamishe kwenye mwamba wenye rangi nzuri zaidi kwa ajili ya picha. Nimeona mwongozaji akifanya hivyo kumfurahisha mgeni. Siku iliyofuata tulirudi, yule samaki alikuwa bado kwenye jiwe jeusi, mwekundu kama nyanya, kila mwindaji akimwona. Siku ya tatu hakuwepo. Picha mbili tatu zenye mwanga zinatosha, kisha zima, utazame kwa macho.

Kwa chombo cha kukupeleka, uliza mambo haya kabla hujalipa: kuna oksijeni kwenye boti? Nioneshe. Ukipata ajali unapelekwa chemba ipi ya kutibu vipovu, kwa njia gani, na nani anapigiwa simu? Mitungi ilipimwa lini? Anayejibu bila kukasirika, huyo panda naye. Kiingilio cha hifadhi lipa, na stakabadhi uichukue.

Sasa Lushoto kwa shangazi. Wengi wanajua kwamba baada ya kuzama usipande ndege, lakini wanasahau kwamba mlima ni sawa na ndege. Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya bahari, na ile barabara ya kutoka Mombo inakupandisha karibu mita 1,000 za huo urefu kwa saa moja. Naitrojeni iliyobaki mwilini haijui kama umepanda kwa ndege au kwa Kosta. Kwa mbizi za siku kadhaa mfululizo inashauriwa angalau saa 18 kabla ya kuruka. Mimi nakushauri uache 24. Kwa hiyo katika siku zako tano, zama nne za kwanza, na ya tano iwe ya Kigombe na wazee wa jarife. Ukiwa kwa shangazi, ukihisi ganzi mkononi, maumivu ya kiungo yasiyo na sababu au kizunguzungu, usisubiri asubuhi: teremka, vuta oksijeni kwenye hospitali ya karibu, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba ulikuwa unazama baharini.